Sita au tisa? Maswali na majibu kuhusu kupungua kwa usikivu na kuishi na kifaa cha sikio nyumbani

Mamangu anavaa vifaa vya kusikia mwaka wa tano sasa, sikio la kulia na la kushoto. Tunaishi Mji wa Kale, Mombasa, ambako hakuna kinachofichika barazani, na tangu majirani wavione hodi haziishi. Huyu ana babake, yule ana mumewe, mwingine ni yeye mwenyewe ila anaona haya kusema. Maswali wanayoniletea ni yaleyale, nami nimeyajibu hapa kwa yale tuliyofundishwa kliniki na yale tuliyojifunza wenyewe nyumbani.

Baba humsikia kaka yangu vizuri. Mimi na wajukuu tukisema, hasikii. Si anachagua wa kumsikia?

Hachagui. Ndani ya sikio, mahali palipojiviringa mfano wa konokono, mna chembe hai zenye vinyweleo, takriban 15,000 kwa kila sikio. Hizo ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Zikifa kwa uzee, kwa makelele ya miaka mingi au kwa baadhi ya dawa, hazioti tena. Na aghalabu zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Sauti ya kaka yako ni nzito, yako na ya watoto ni nyembamba. Basi.

Maneno nayo yana sehemu nene na nyembamba. A, e, i, o, u ni nene na zina nguvu, m, n na b pia husikika. Zinazopotea ni s, sh, f, th, t, k, ch na p. Sasa tazama Kiswahili chetu: karibu kila silabi ina irabu, kwa hiyo mzee husikia mkondo wote wa maneno na hudhani amesikia. Ukimwambia "leta taa" anaweza kusikia "leta saa", "kaa" au "faa". Ukisema "mama" au "ndimu" hakosei. Hapo ndipo watu husema "akitaka husikia".

Kubwa kuliko yote ni sita na tisa. Irabu ni zilezile, konsonanti ni zilezile zimebadilishana nafasi tu, na zote mbili ni miongoni mwa zinazopotea. Mamangu alikuwa akinywa dawa ya presha saa tisa badala ya saa sita, na sisi tukamlaumu kwa usahaulifu. Hakusahau. Siku hizi nambari kwetu huandikwa, au huoneshwa kwa vidole. Ikiwa ni pesa za simu, humwonesha kioo chenyewe kabla hajabonyeza.

Basi tupaze sauti?

Ukipaza, unaongeza nguvu kwenye irabu, ambazo tayari anazisikia, na konsonanti zinamezwa. Mdomo nao hupanuka vibaya, asiweze kuusoma. Isitoshe, sikio lililopungua halipati sauti ndogo, lakini sauti kubwa hulikera kama inavyolikera lako, pengine zaidi. Mzee huyohuyo aliyekuuliza "Wasemaje?" mara tatu, ukipiga ukelele atakwambia "Mbona wanipigia kelele, mimi si kiziwi!" Yote mawili ni kweli.

Tuseme naye vipi, basi?

Hapa nitakaa kidogo, maana kifaa kinanunuliwa siku moja, ila tabia ya nyumba hubadilika polepole, na bila hiyo kifaa hukaa kabatini.

Mwite kwanza, kisha useme. "Baba." Ngoja ageuke. Halafu ndipo umwambie kwamba chakula kiko tayari. Sisi tumezoea kusema kutoka jikoni, kutoka ghorofani, kutoka msalani, tukitarajia mtu aliye chumba cha tatu ajibu. Acheni hilo. Nenda alipo, simama kwenye mwanga, uso wako aone. Usiseme huku unatafuna, wala huku umeziba mdomo kwa mtandio. Sema kwa kasi ya kawaida yenye vituo.

Asiposikia, usirudie sentensi ileile mara ya tatu. Ibadilishe. Badala ya "Tutakwenda kwa Ami Alhamisi", sema "Siku moja kabla ya Ijumaa, twende kwa Ami." Neno lililomponyoka unalikwepa.

Na tafadhali, lisiwepo neno "Basi, si kitu." Mamangu aliniambia kwamba katika miaka yote ya kutosikia, hakuna kilichomuuma kama hilo. Watu wanacheka, yeye anauliza wanachekea nini, anajibiwa "basi, si muhimu". Akaanza kucheka pamoja nao bila kujua kichekesho, kisha akaacha kutoka chumbani. Mtu mmoja kikaoni apewe kazi ya kumdokeza kwa maneno mawili kinachozungumzwa: "Harusi ya Lamu." Hapo atafuata mwenyewe.

Nyumba pia ina lake. Nyumba zetu za zamani zina dari refu, kuta ngumu na sakafu tupu, sauti hupiga huku na kule. Mkeka, pazia zito na mito huimeza sauti hiyo. Kwenye futari, mketishe mbali na feni, aelekee watu, kelele ziwe mgongoni kwake. Vifaa vingi vya sasa husikiliza zaidi kilicho mbele. Televisheni izimwe watu wakizungumza. Hilo kwetu lilileta ugomvi wa wiki nzima, lakini lilifaa.

Tuanzie wapi? Kuna duka linauza mashine za masikio kwa bei nafuu.

Msianzie dukani. Vingi vya vile vya kununua bila kupimwa hukuza kila sauti kwa pamoja, pikipiki na maneno sawasawa, na vinaweza kuliumiza sikio lililosalia. Vivyo hivyo msimpe kifaa cha marehemu babu kabla ya mtaalamu kukipanga upya kulingana na sikio lake.

Anza kwa daktari au mhudumu wa afya amwangalie sikio. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, au usaha, na vyote vina tiba. Nta isichokolewe kwa vijiti vya pamba, huisukuma ndani zaidi. Wala msimtilie mafuta ya moto au maziwa, hasa sikio linalotoa usaha, kwani huenda ngoma yake imetoboka. Hapa mjini hospitali ya rufaa ya Coast General ina kliniki ya masikio, pua na koo. Atapimwa ndani ya chumba kimya, achorewe mchoro unaoonesha kila sikio linaanza kusikia kwa desibeli ngapi, kwa sauti nene na nyembamba. Asiye na tatizo husikia sauti ndogo ya desibeli 20 au chini yake, na mazungumzo ya kawaida huwa karibu 60. Ombeni nakala ya mchoro huo, muuhifadhi kama mnavyohifadhi kitambulisho.

Vifaa bora ni ghali, sitaficha. Ulizeni mapema kuhusu kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo mtu anaweza kuliomba msaada wa kifaa. Kama masikio yote mawili yamepungua, viwili ni bora kuliko kimoja: husaidia kujua sauti imetoka wapi, na Mombasa, yenye tuktuk na bodaboda kila upande, hilo si anasa.

Nyanya alivivaa siku mbili, akavitia kabatini. Anasema vinapiga makelele.

Anasema kweli. Ubongo wake ulikaa miaka bila sauti hizo, sasa zimerudi zote kwa mkupuo. Mamangu siku ya kwanza alisikia kunguru wa Mombasa akadhani wameingia sebuleni. Akasikia feni, ndara, mfuko wa plastiki, na sauti yake mwenyewe kama anasema ndani ya mtungi. Alivivua kabla ya adhuhuri.

Aanze nyumbani, mahali kimya, na mtu mmoja, saa moja au mbili kwa siku. Kisha aongeze. Sokoni Marikiti na harusini ni mwisho kabisa. Ubongo hujifunza upya kipi cha kupuuza, na hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Arudi kwa mtaalamu kurekebishiwa, si mara moja. Kikiendelea kumuumiza sikio, huko si kuzoea, kimekaa vibaya. Na jambo moja mwambieni wazi: kifaa hakirudishi sikio la ujana. Aliyeahidiwa hilo ndiye anayekata tamaa haraka.

Kinapiga mluzi akivaa hijabu.

Mluzi ni sauti iliyotoka ndani ya sikio ikarudi kwenye maikrofoni. Kitu kikikifunika kwa kubana, au kisipoingia sawasawa, au nta ikiwa imejaa, hulia. Chagua kitambaa chepesi cha pamba kisichokwaruza, ulegeze penye sikio. Kikiendelea kulia hata bila hijabu, apimwe upya kizibo chake, ile sehemu inayoingia sikioni.

Na joto letu hili?

Unyevu wa bahari na jasho ndio maadui wakubwa. Kila usiku kifutwe kwa kitambaa kikavu, mlango wa betri uachwe wazi, kiwekwe kwenye kikopo chenye vidonge vya kunyonya unyevu. Kisioshwe kwa maji, kisianikwe juani, kisiachwe ndani ya gari. Betri ndogo za hewa, ukishabandua karatasi yake, ziache dakika moja au mbili kabla ya kuzitia. Vya kuchaji ni rahisi kwa vidole vya wazee, ila stima ikipotea mtamkumbuka aliyenunua vya betri.

Betri hizo zifichwe mbali na watoto. Mtoto akimeza moja, ni hospitali saa hiyohiyo, kwa kuwa inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili.

Udhu na saumu je?

Wakati wa udhu avivue, avitie ndani ya kikasha chake na mfukoni. Visifungwe kwenye karatasi laini, maana hutupwa. Akaushe masikio kabla ya kuvirudisha. Kuvaa kifaa ukiwa umefunga hakuingizi chochote mwilini isipokuwa sauti. Dawa ya matone ya sikio ndiyo wanazuoni walihitilafiana, hiyo aulizwe sheikh wenu.

Ni kweli kutosikia huleta kupoteza akili uzeeni?

Mwaka wa 2024 jopo la wanasayansi la jarida la The Lancet liliorodhesha mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa maradhi hayo na ambayo yanaweza kupunguzwa. Upungufu wa usikivu ni mojawapo. Si kwamba kila asiyesikia atapatwa, wala kifaa si kinga ya uhakika. Lakini ubongo unaohangaika kubahatisha maneno huchoka, na mtu anayejitenga chumbani huunyima kazi. Kabla hamjasema mzee amechanganyikiwa, mpimeni masikio.

Lini tusisubiri?

Sikio likizimika ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, hata kama ni moja tu na haliumi, ni dharura. Dawa yake hufaa zaidi ikianzwa siku za mwanzo, na wengi huipoteza nafasi hiyo wakidhani ni maji ya kuogelea. Vilevile kizunguzungu kikali, damu, usaha, au usikivu kupungua upande mmoja tu. Anayetumia sindano za gentamisini au streptomaisini akianza kusikia mvumo masikioni, amwambie daktari siku hiyohiyo.

Usiku akivua hasikii kitu. Ramadhani tutamwamshaje daku?

Tulianza vibaya, tukimtikisa gizani, akaamka ameshtuka moyo unamwenda mbio. Sasa tunawasha taa kwanza, tunangoja kidogo, kisha tunamgusa mguu polepole. Mwenyewe huweka simu ya kutetema chini ya mto ili asimtegemee mtu. Kikasha cha vifaa kinakaa palepale kila siku, kando ya miwani, mkono wake ukipate bila kutafuta. Mjukuu wake mdogo ndiye amejitwalia kazi ya taa. Huiwasha, husimama mbele yake penye mwanga, hungoja nyanya avae la kulia na la kushoto, ndipo humwambia saa.