Je, wajua mafuta huonekanaje nyuma ya bomba la chuma?

Mtu wa Tabora aliyewahi kuchimbiwa kisima kirefu cha maji anaijua keisingi, lile bomba linaloshushwa shimoni ili kuta zisibomoke. Kwake mara nyingi ni la plastiki. Kisima cha mafuta hushushiwa la chuma, kisha saruji hujazwa kati ya chuma na mwamba. Na tangu mabomba ya mradi wa kusafirisha mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga yaanze kuvikwa kizuia joto pale Sojo, wilayani Nzega, swali hili lina haki ya kuulizwa hapa kwetu: kisima kikishazibwa hivyo, wataalamu hujuaje mwamba bado una mafuta?

Shimo likiwa wazi, hupima umeme. Maji ya chumvi huupitisha, mafuta huuzuia. Chuma kikishaingia, karibu umeme wote hukimbilia kwenye chuma.

Ndipo hutumika neutroni, chembe ndogo ya kiini cha atomu: haina chaji ya umeme, nayo hupenya chuma. Kifaa chembamba, chenye kipenyo cha milimita 43 hivi, hushushwa kwa waya na kurusha neutroni kwa mikupuo, zikitoka kwa mwendo wa kilomita 50,000 kwa sekunde. Hidrojeni ndiyo inayozipunguza kasi kuliko vyote, kama gololi inavyopoteza mwendo ikigonga gololi ya uzito wake. Zikishatulia, humezwa na atomu, na kila atomu inayomeza hutoa mwanga wa gama unaorudi hadi kwenye kifaa. Klorini ya chumvi ni mlafi mno: penye maji ya chumvi neutroni huisha upesi, penye mafuta hukawia. Muda huo wa kuisha ndio unaosomwa. Kwangu mimi huu ni ustadi wa hali ya juu, kwa sababu kisima cha zamani hukaguliwa tena bila kung'oa kitu, na tabaka lililorukwa miaka mingi likagunduliwa.

Lakini maji yasiyo na chumvi humeza neutroni kwa kiasi karibu sawa na mafuta. Hapo hutumika gama zinazotoka papo hapo neutroni zenye kasi zinapogonga kaboni na oksijeni, kwa kuwa mafuta yana kaboni na maji yana oksijeni. Aina ya mwamba lazima ijulikane kwanza, maana chokaa nayo ina kaboni, na mtu asiye mwangalifu ataihesabu kuwa mafuta.