Udongo mweusi unaotoa sinki jeupe

Donge la bolklei (kwa Kiingereza "ball clay"), udongo wa mfinyanzi wenye chembe ndogo sana, likiwa bichi halifanani kabisa na sinki litakalotoka humo. Aina nyingi ni za kijivu, nyingine karibu nyeusi, lakini zikipita tanurini huwa nyeupe au rangi ya maziwa. Weusi ule ni masalia ya mimea, na moto huyateketeza. Adui halisi wa weupe ni chuma, na bolklei nzuri ina chuma kidogo.

Asili yake inaeleza karibu kila kitu. Chukua bonde la Bovey, Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mamilioni ya miaka iliyopita miamba ya Dartmoor na maeneo jirani ilimomonyoka, mito ikabeba udongo wake hadi kwenye maziwa na vinamasi. Chembe nzito zilitua njiani. Zile ndogo kabisa, nyingi chini ya mikroni moja (sehemu ya elfu ya milimita), zilifika mbali zikatulia pamoja na majani na miti iliyooza. Mpaka leo machimbo ya huko yana tabaka za makaa laini katikati ya udongo. Kaolini, yaani udongo mweupe wa kauri, ya Cornwall, mkoa wa jirani, haikusafiri. Ilibaki ndani ya mwamba wa granaiti ilikoundwa, kwa hiyo ni nyeupe zaidi na chembe zake ni kubwa zaidi, ila ukiifinyanga peke yake inakatikakatika.

Chembe ndogo za bolklei hushika maji na kuteleza moja juu ya nyingine bila kuachana, kisha zikikauka hukazana. Nguvu hii ya kabla ya moto ndiyo ninayoithamini kuliko sifa nyingine zote. Fikiria choo cha kukaa: uji wa udongo humiminwa kwenye kalibu ya plasta, chombo hutolewa kingali laini, hukaushwa, husuguliwa, hubebwa, hupakwa glezi (tabaka linalogeuka kioo motoni), na bado hakijaona moto. Bila bolklei kingevunjikia mikononi. Mchanganyiko wa kawaida una bolklei asilimia 20 hadi 30, kaolini kiasi kama hicho, na kinachobaki ni madini ya kwatzi na felspa yaliyosagwa.

Bolklei tupu haifai. Husinyaa sana inapokauka, ikapinda na kupasuka. Tena ile kaboni inahitaji muda wa kuungua: ukiharakisha moto, gesi hunaswa ndani, glezi hutoka na vitundu, na ukivunja chombo unakuta kiini cheusi. Mimi hupandisha joto polepole kati ya nyuzi 700 na 900 za Selsiasi, matundu ya hewa ya tanuri yakiwa wazi.

Kwenye glezi yenyewe, bolklei asilimia 5 hadi 10 hutosha kuzuia unga wa glezi usizame chini ya ndoo. Ikizidi sana, glezi hupasuka inapokauka na kujikunja motoni. Hapo sehemu ya bolklei naichoma kwanza ndipo niichanganye.

Na tafadhali, vaa barakoa unapopima unga wake, na karakana ipigwe deki kwa maji, isifagiliwe kavu. Bolklei ina kwatzi ya chembe ndogo sana, na mapafu yakishaharibiwa na vumbi hilo hayaponi.