Dubuque, Iowa: mji wenye jina la mgeni aliyepewa ruhusa ya kuchimba

Mji wa Dubuque uko ukingoni mwa Mto Mississippi, pale jimbo la Iowa linapopakana na Illinois na Wisconsin. Siku hizi Iowa ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo na Burundi. Nawaandikia hao kwanza, kwa sababu simulizi la mwanzo wa mji huu hupokewa kwa urahisi mno: Mfaransa jasiri aligundua madini, akanunua ardhi, akaoa binti wa chifu, akajenga mji. Kila kipande cha simulizi hilo kina kasoro.

“Julien Dubuque aligundua madini ya risasi.”

Hapana, na ushahidi umo kwenye hati yake mwenyewe. Dubuque alizaliwa Champlain, Quebec, mwaka 1762. Tarehe 22 Septemba 1788, huko Prairie du Chien, baraza la Wameskwaki, taifa la Wenyeji wa Asili wa Amerika, lilikubali achimbe risasi katika nchi yao. Makubaliano yakaandikwa kwa Kifaransa, na ndani yake mgodi umetajwa kuwa ni ule “uliogunduliwa na mke wa Peosta”. Peosta alikuwa Mmeskwaki; jina la mkewe halikuandikwa. Mgeni aliyekuja kuomba ndiye leo mwenye mji, kaunti na mnara.

Hata baada ya kibali hicho, kazi kubwa ya migodini iliendelea kufanywa na wanawake wa Kimeskwaki pamoja na wazee. Henry Schoolcraft, msafiri na mtafiti Mmarekani aliyefika mwaka 1820, aliwakuta wakichimba kwa majembe, masepetu, sululu na mitaimbo waliyopata kwa wafanyabiashara. Hawakuchimba mashimo ya kwenda chini wima. Walichimba njia za mteremko zilizoingia kilimani, na mawe wakayatoa kwa vikapu. Kisha waliyapanga juu ya magogo na kuwasha moto mpaka risasi ikayeyuka na kutiririka. Huo ni ufundi kamili, wenye tanuru na mgawanyo wa kazi. Zebulon Pike, afisa wa jeshi la Marekani, alipopita hapo Septemba 1805, Dubuque alimwambia kwamba mgodi ulitoa ratili 20,000 hadi 40,000 kwa mwaka. Kiasi hicho hakikutoka kwenye mikono yake na ya wafanyakazi wake wachache wa Kikanada peke yao.

“Aliinunua ardhi.”

Hapa ndipo penye uzito, na yeyote aliyewahi kuona kibali cha kuchimba kikigeuzwa madai ya umiliki atalielewa jambo hili haraka.

Ni kweli karatasi ya 1788 ina maneno yanayosomeka kwamba Wameskwaki wanamuuzia na kumwachia eneo la mgodi. Lakini hiyohiyo inaanza kwa kumruhusu afanye kazi mgodini kwa muda atakaopenda. Mwaka 1796 Dubuque aliipeleka habari hiyo kwa Carondelet, gavana wa Louisiana, koloni la Hispania lililojumuisha sehemu hii wakati huo, akaomba athibitishiwe eneo la ligi saba (ligi ni kipimo cha zamani cha umbali) kando ya mto na ligi tatu kwenda bara. Akaliita Migodi ya Hispania, jina zuri la kumfurahisha gavana, na ombi likakubaliwa. Kuanzia hapo mgodi mmoja ukawa nchi nzima kwenye karatasi. Alipozidiwa na madeni, mwaka 1804 alimuuzia Auguste Chouteau, mfanyabiashara wa St. Louis, karibu nusu ya eneo hilo, na sehemu iliyobaki ikapangwa imwendee Chouteau baada ya kifo chake.

Dubuque akafa tarehe 24 Machi 1810. Wameskwaki walimzika kwa heshima juu ya jabali karibu na mdomo wa kijito cha Catfish. Lakini waliokuja kudai migodi kwa jina la Chouteau walizuiwa. Kwa Wameskwaki, ruhusa ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amekufa. Kesi ya warithi wa Chouteau ilifika Mahakama Kuu ya Marekani katika kikao kilichoanza Desemba 1853. Mahakama ikaamua kwamba Dubuque alipewa ruhusa ya kuchimba, hakuuziwa ardhi. Wameskwaki walilisema hilo zaidi ya miaka 40 kabla ya majaji.

“Alioa Potosa, binti wa Peosta.”

Hadithi inapendwa, lakini hakuna hati ya wakati wake inayothibitisha ndoa hiyo.

“Mji ulianza mwaka 1788.”

Makazi ya Dubuque yalikuwa kwenye mdomo wa Catfish, kusini mwa mji wa leo, jirani na kijiji cha Wameskwaki. Mji wenyewe ulizaliwa miaka 23 baada ya kifo chake, nao ulizaliwa kwa vita. Mwaka 1830 viongozi kadhaa wa Kimeskwaki waliuawa na maadui zao wakiwa njiani kwenda kwenye mazungumzo Prairie du Chien, na watu wao wakakihama kijiji. Wachimbaji Wazungu, wakiwemo ndugu wa Langworthy, wakavuka mto mara moja. Juni 1830 walijiandikia kanuni za kugawana viwanja vya kuchimba. Jeshi la Marekani likawatoa, kwa sababu ardhi haikuwa yao. Ikaja vita ya Black Hawk mwaka 1832, kati ya Marekani na Wenyeji wa Asili walioongozwa na Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, na mkataba wa Septemba mwaka huo ukachukua takriban ekari milioni sita za ukingo wa magharibi. Tarehe 1 Juni 1833 mlango ukafunguliwa rasmi. Jina la Dubuque lilichukuliwa mwaka 1834.

“Walowezi wote walikuwa Wazungu huru.”

Watu Weusi walikuwepo tangu mwanzo. Charlotte Morgan alikuwa miongoni mwa waumini wa kwanza wa kanisa la Methodisti lililoanza hapo mwaka 1834. Mumewe, Nathaniel, alipigwa viboko na kundi la watu mwaka 1840 kwa tuhuma za wizi, akafa.

Ralph alikuwa mtumwa kutoka Missouri aliyekubaliana na bwana wake, Montgomery, kujikomboa kwa dola 550, akaja Dubuque kuchimba risasi. Fedha hazikutosha. Mwaka 1839 alikamatwa ili arudishwe utumwani. Mkulima mmoja, Alexander Butterworth, aliona na kukimbilia kwa jaji. Mahakama Kuu ya eneo la Iowa, ambalo lilikuwa bado si jimbo, ikaamua kwamba deni ni deni na mtu hulipa deni, lakini harudishwi utumwani kwa ajili yake. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo kuandikwa kwenye kumbukumbu zake.

“Wameskwaki walitoweka.”

Hawakutoweka. Serikali iliwasukuma hadi Kansas miaka ya 1840, lakini baadhi walirudi Iowa na wengine hawakuondoka kabisa. Julai 1857 walinunua ekari 80 katika kaunti ya Tama kwa dola 1,000, fedha walizochangishana wenyewe, na safari hii hati ilikuwa ya ardhi kweli. Waliendelea kununua kidogo kidogo. Leo wanamiliki zaidi ya ekari 8,000 huko Tama, na bado wanaishi hapo.