Je, wajua Injili iliyofutwa ilisomwaje tena baada ya miaka zaidi ya elfu moja?

Februari 1892, katika monasteri ya Mtakatifu Katarina iliyo chini ya Mlima Sinai, Misri, mama mmoja wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 49 alikuwa ameshika kitabu cha ngozi kilichochakaa. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa uchafu na umri. Aliwasha moto, akachemsha maji kwenye birika, akazishikilia kurasa juu ya mvuke mpaka zikaanza kuachana. Jina lake Agnes Smith Lewis. Ndani ya kitabu kile mlikuwa na Injili nne ambazo mtu alikuwa amezifuta zaidi ya miaka elfu moja kabla yake.

Kwanza tuelewe kwa nini mtu afute Injili. Kabla ya karatasi kuenea, vitabu viliandikwa kwenye ngozi ya kondoo, mbuzi au ndama, iliyoparuliwa manyoya, ikawambwa na kulainishwa. Kitabu kimoja kinene kilimaliza kundi zima la wanyama. Kwa hiyo kitabu kikizeeka, au lugha yake ikipitwa na wakati, ngozi haikutupwa. Mwandishi aliichukua, akauosha wino au kuukwangua, akaandika kitabu kingine juu yake. Kitabu cha namna hiyo wataalamu hukiita palimpsesti.

Lakini wino wa zamani haukubali kuondoka wote. Mwingi ulitengenezwa kwa chumvi ya chuma, ukapenya ndani ya ngozi. Ukikwangua unaondoa weusi wa juu tu, chuma kinabaki. Miaka ikipita, herufi zile hurudi polepole kwa rangi ya manjano au kahawia hafifu, nyuma ya maandishi mapya.

Hicho ndicho alichokiona Agnes. Maandishi ya juu yalikuwa habari za wanawake watakatifu na mashahidi wa imani, yameandikwa kwa Kisiriaki, lugha ya tawi la Kiaramu ambayo Wakristo wa Mashariki waliitumia kwa sala na elimu. Nyuma yake kulikuwa na herufi nyingine zilizofifia, nazo pia za Kisiriaki. Juu ya kurasa akasoma maneno machache: “Injili”, “ya Mathayo”, “ya Luka”. Hapo akajua kuwa habari za wale watakatifu zimelalia kitu cha kale zaidi.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kana kwamba Agnes alibahatika tu. Mimi sikubali. Kitabu hicho kilikuwa monasterini mamia ya miaka. Kilichohitajika ni jicho linalosoma Kisiriaki, na jicho hilo Agnes alikuwa amelinoa mwenyewe.

Yeye na pacha wake Margaret walizaliwa mwaka 1843 mjini Irvine, Uskoti. Mama yao alifariki wiki chache baadaye, wakalelewa na baba. Inasimuliwa kuwa baba huyo aliwapa ahadi: kila lugha watakayojifunza, atawapeleka kwenye nchi yake. Wakajifunza Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitalia, na ahadi ikatimizwa. Alipofariki aliwaachia mali nyingi, nao wakaendelea kusafiri. Waliolewa wakiwa watu wazima, na kila mmoja akafiwa na mumewe baada ya miaka michache tu. Agnes, aliyekuwa akiishi Cambridge, tayari alikuwa na Kigiriki, Kiebrania na Kiarabu. Kisiriaki akakiongeza akiwa mtu mzima kabisa.

Mtaalamu mmoja, Rendel Harris, ambaye mwaka 1889 alikuwa amegundua maandiko muhimu ya Kisiriaki palepale Sinai, ndiye aliyewaambia kuwa kuna masanduku mengine ya vitabu ambayo hakuyamaliza, akawafundisha pia kupiga picha miswada. Mapacha wakafunga safari, wakivuka jangwa kwa ngamia kutoka Suez.

Monasterini walipokewa vizuri, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Watawa walikuwa bado na kidonda: mwaka 1859 mtaalamu wa Kijerumani, Tischendorf, aliondoka na Biblia yao ya kale ya Kigiriki akiwa ameandika hati ya kuirudisha, na haikurudi. Agnes aliongea nao Kigiriki chao cha kila siku. Wakamwamini, wakamfungulia masanduku. Naye hakuchukua ukurasa hata mmoja wa kitabu kile. Yeye na Margaret walikipiga picha wakaondoka na picha tu.

Huko Cambridge, wataalamu Burkitt na Bensly walipozitazama picha hizo walitambua kuwa ni tafsiri ya kale sana ya Injili, ambayo hadi wakati huo ulijulikana mswada wake mmoja tu, nao haukuwa kamili. Mwaka 1893 wote wakarudi Sinai pamoja na Harris, wakaketi siku 40 wakinakili neno kwa neno. Palipofifia kabisa, Agnes alipaka dawa ya amonia na salfa yenye harufu mbaya sana. Salfa ilipokutana na mabaki ya chuma ndani ya ngozi, herufi zilirudi kuwa nyeusi. Leo hakuna mtunza maktaba atakayeruhusu dawa hiyo, kwa sababu inaweza kuidhuru ngozi. Bensly alifariki siku chache tu baada ya kurudi nyumbani, na mwaka 1894 kazi yao ikachapishwa.

Nakala iliyofutwa ni ya mwishoni mwa karne ya 4 au mwanzoni mwa karne ya 5, na tafsiri yenyewe ni ya zamani zaidi. Fungua Injili ya Marko sura ya 16. Katika Biblia nyingi za leo utakuta mistari ya 9 hadi 20 imewekwa mabano au maelezo. Katika kitabu cha Sinai mistari hiyo haipo. Simulizi inakoma mstari wa 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini bila kumwambia mtu neno, kwa kuwa waliogopa. Na mara moja Injili ya Luka inaanza. Biblia ile aliyoondoka nayo Tischendorf inakoma hapohapo. Nakala mbili za lugha tofauti zikikubaliana hivyo, mtafiti ana sababu nzito ya kusema kuwa mistari ile iliongezwa baadaye.

Chuo Kikuu cha Cambridge hakikuwapa wanawake shahada wakati wote wa uhai wa mapacha hawa. Kilianza mwaka 1948. Heshima zilitoka kwingine: Halle na Heidelberg huko Ujerumani, St Andrews kwao Uskoti, na Dublin. Margaret alifariki mwaka 1920, Agnes mwaka 1926.

Katika safari zake Agnes alinunua palimpsesti nyingine, ambayo juu yake yapo maandishi ya mtawa Yohane Klimako kwa Kisiriaki. Siku hizi ngozi hazipakwi dawa. Hupigwa picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, hata isiyoonekana kwa macho, kisha kompyuta huzilinganisha na kuutenga wino wa chini. Kwa njia hiyo, mwaka 2022 watafiti walitangaza kuwa chini ya maneno ya Klimako wamesoma vipimo vya mahali pa nyota angani, ambavyo wanaamini vilitoka katika orodha ya Hipparchus, mtaalamu wa nyota Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, iliyokuwa imepotea.