Kaski mpya haihitaji saa 100 za muziki

Ukinunua kaski ya kusikilizia muziki pale Birere, Goma, huenda ukapewa na shauri la bure: iache ipige saa 100 kwanza, mchana na usiku, ndipo sauti ifunguke. Na umeme wetu huu! Shauri hilo ni la zamani, wala si la Goma pekee. Kweli, baada ya siku kadhaa wengi husikia tofauti. Kosa ni kumsifu asiyehusika.

Utando unaotetemeka ndani hubadilika kidogo mno, sikio halitambui. Kinacholegea ni mito inayokaa juu ya masikio: sponji hupata joto la kichwa, hushika umbo la taya, na mwanya uliokuwa kando ya sikio huziba. Mwanya huo ndio mwizi wa besi. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na sauti nzito namna hiyo hutoroka hata kwenye upenyo unaoachwa na mkono wa miwani. Ubongo nao huzoea.

Basi anayetaka rumba yenye besi nene ajaribu mito mingine. Ya ngozi bandia kwa kawaida huziba kuliko ya kitambaa. Kwa zile za kuingiza sikioni, abadilishe vipira. Kisha ikwalaiza ya simu, yaani sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti kali: mimi naona kushusha kidogo sauti kali hufaa kuliko kupandisha besi mpaka ikorome.