Waarabu Hawakuijenga Kilwa, na Dhana Nyingine Wanazokuja Nazo Wageni wa Kusini

Wageni ninaowavusha kwa boti kutoka mji wa Masoko, bara, kwenda kwenye magofu ya kisiwa cha Kilwa Kisiwani siku hizi wengi ni Watanzania: wanafunzi, familia kutoka Dar es Salaam, vikundi vya misikiti na makanisa. Hilo linanifurahisha sana. Lakini karibu kila boti huwa na mtu ambaye, kuta za Gereza, gofu la kwanza ukishuka, zikianza kuonekana, huwageukia wenzake na kusema: "Waarabu walijenga, jamani. Hapa ndipo walipofungiwa watumwa." Wiki hii maneno hayo yametoka kwa mwalimu wa historia, mbele ya wanafunzi wake, nao wakayaandika kwenye madaftari. Nimechoka kuyajibu kwa kelele juu ya mlio wa injini, kwa hiyo nayajibu hapa.

"Kisiwani palijengwa na Waarabu, kwa ajili ya utumwa"

Hapa pana makosa mawili yaliyoshikana. Tuanze na wajenzi.

Waliochimba Kisiwani, akiwemo mwanaakiolojia Neville Chittick miaka ya 1950 na 1960, walikuta mji wa udongo chini ya mji wa mawe. Watu walikuwa wakiishi pale tangu karne ya 9 hivi, katika nyumba za miti na udongo, wakitumia vyungu vya aina ile ile iliyofinyangwa pwani nzima na bara yake, wakifua chuma, wakitengeneza shanga kwa makombe ya baharini. Mawe yalikuja baadaye, pole pole, misikiti kwanza kisha nyumba za wenye uwezo. Mji uliokua hivyo kwa karne kadhaa haukushushwa kutoka jahazini.

Asiyependa vitabu apime kwa hatua zake mwenyewe. Ingia chumba chochote cha majumba ya masultani ya Husuni Kubwa na Makutani, au cha nyumba za kisiwa jirani cha Songo Mnara. Ni kirefu, lakini chembamba. Upana wake ni mita mbili na nusu, tatu kwa taabu. Sababu ni boriti. Dari ilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko hautoi boriti imara ndefu kupita hapo. Kisha sogea ukutani. Mawe makavu yenye kukwaruza ni matumbawe ya nchi kavu, yaliyochimbwa ardhini. Yale laini yenye nakshi, kwenye mihrabu na kwenye fremu za milango, ni matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi. Yakiwa mabichi yanachongeka kwa urahisi, yakikauka yanakuwa magumu. Ukiyatazama kwa karibu utaona vitundu vyake vidogo vidogo, na mistari ya nakshi imepita juu yake ikiwa bado imenyooka. Kinachoyashika yote ni chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo juu ya rundo la magogo. Mikoko, matumbawe na chokaa ni ujuzi wa fundi wa pwani hii. Nyumba za zamani za Kivinje na Mikindani zimejengwa kwa ujuzi huo huo.

Jibu linalofuata nalijua: "Mbona tulisoma kuhusu Washirazi?" Kwanza, Shiraz iko Uajemi, si Uarabuni. Pili, isomeni yote Tarikh ya Kilwa, masimulizi ya kale ya mji huu, msiishie kwenye Mshirazi Ali bin al-Hasan kukinunua kisiwa kwa nguo. Masimulizi hayo hayo yanasema kwamba walipofika walimkuta Mwislamu anaishi pale na watu wake, na msikiti upo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023, uliotumia mifupa ya kale ya miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwemo, ulionyesha akina baba kutoka Asia, Waajemi zaidi, waliochanganyika na akina mama Waafrika kuanzia mnamo mwaka 1000. Wageni walikuja, wakaoa, wakazaa watu wa hapa, na watoto wakazungumza lugha ya mama zao.

Hata ukoo wa Mahdali, uliotawala Kilwa ilipokuwa kileleni, ulikuwa na asili ya Yemeni. Sikatai. Ninachokataa ni fundi, mchoma chokaa, nahodha na mfanyabiashara kufutwa wote, akabaki sultani na babu yake tu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akaonana na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa. Aliusifu mji kwa uzuri wake, na kuhusu wenyeji aliandika kwamba wengi ni Wazanji, weusi sana, wenye chale usoni. Huyo ni mgeni aliyeandika kwa Kiarabu, na aliyekuwepo. Mtoto wa Masoko anayeambiwa leo kwamba babu zake hawakuwa na mkono katika kuta hizi anadanganywa, na anayemdanganya amelipwa kumfundisha.

Sasa utumwa. Fahari ya Kilwa, karne ya 13 hadi ya 15, ilitokana zaidi na dhahabu iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe na kupitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, pamoja na pembe za ndovu. Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba. Moja ilipatikana Great Zimbabwe, na nyingine ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Utumwa ulikuwepo duniani wakati huo na pwani haikuepukana nao, lakini sio uliousimamisha Msikiti Mkuu. Kilwa ya biashara kubwa ya watumwa ni ya karne ya 18 na 19. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana na sultani wa Kilwa mkataba wa watumwa 1,000 kwa mwaka. Baadaye misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ikawa inaishia Kivinje, huku bara. Anayetaka kusimama na kuitafakari habari hiyo, na ni vyema tuitafakari, aende Kivinje. Ukiisimulia Kisiwani mbele ya msikiti wa karne ya 11 unaruka miaka mia saba.

Na Gereza si jela ya watumwa. Ni ngome. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505 baada ya kuushambulia mji, wakaondoka 1512. Kuta unazoziona leo nyingi ni za wakati wa Waomani, mnamo 1800. Anayetaka jengo la kuwapa Waarabu, basi na alichukue hilo.

Kwa sababu hiyo mimi sianzi ziara na Gereza, ingawa ndilo linalokupokea ukishuka. Anza na Husuni Kubwa, asubuhi, kabla jua halijapanda, maana ni mwendo na njiani kivuli ni haba. Uone vyumba zaidi ya mia moja juu ya jabali linaloitazama bahari, na birika la pembe nane. Rudi Msikiti Mkuu: upande wa kaskazini ndio wa zamani, upande wa kusini wenye kuba na matao uliongezwa karne ya 14. Usiukose msikiti mdogo wa kuba. Inua kichwa uone bakuli zilizopachikwa kwenye dari. Gereza liwe la mwisho. Mgeni aliyepita njia hii haulizi tena swali la Waarabu, nimeliona hilo mara nyingi.

Na tafadhali, msipande juu ya kuta kupiga picha. Magofu haya yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Chokaa ya miaka 700 haibebi kilo zako.

"Nimeshafika Kilwa"

Ipi? Ukishuka Nangurukuru ukapanda gari hadi Masoko, uko kwenye mji wa serikali na soko. Kisiwani ni ng'ambo ya bahari. Kivinje iko kaskazini, na ni mji wa karne ya 19: milango ya nakshi, majengo ya Wajerumani, na panapoitwa Mwembe Kinyonga, waliponyongea wapinzani wao. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kivinje mwaka 1895. Zote tatu zinastahili siku yake kila moja.

"Saa mbili zinatosha, tunawahi basi"

Hazitoshi. Kibali kinakatwa Masoko kabla ya kuvuka, na Songo Mnara ni kisiwa kingine kabisa ambacho maji yakipwa boti haifiki karibu, unashuka na kutembea kwenye tope la mikoko. Kabla ya kuuliza bei ya boti, uliza maji yanajaa saa ngapi.

"Kusini hakufikiki"

Wanaosema hivyo wanakumbuka kivuko cha Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na lami sasa inakwenda mpaka Mtwara. Wakati wa masika ulizia kwanza. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga.

"Lindi tutaona dinosaria"

Mtaona mlima tu, Tendaguru. Mifupa yake ya dinosaria ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na yule mnyama mkubwa, mwenye urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu, amesimama kwenye makumbusho Berlin. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na nadhani jina lake lingetajwa zaidi. Nendeni Tendaguru kama mna gari imara na mnapenda kuona mahali penyewe, si kwa matarajio ya makumbusho.

"Livingstone aliishi Mikindani"

Alipita, mwaka 1866, siku chache, akaenda zake Ruvuma. Mikindani ina mengi kuliko yeye: Boma la Wajerumani la 1895 lililogeuzwa hoteli, vichochoro, nyumba za mawe, na ghuba tulivu ya kukaa jioni.

"Chakula cha kusini ni cha shida"

Hili nalo linanikera, kwa sababu wanaolisema wamekula chipsi stendi wakarudi kwao.

Supu ya pweza inywe Masoko asubuhi, na chapati au muhogo wa kuchemsha. Pweza hutafutwa miambani maji yakipwa sana, kwa hiyo wakati wa bamvua anakuwa mwingi na mbichi. Wakati wa maji mafu unaweza kuuziwa wa juzi. Wanaume huniuliza kama ni kweli habari za nguvu. Ni kitoweo kizuri chenye protini. Mnywe kwa utamu wake.

Kisiwani hakuna mikahawa ya kuingia na kuagiza. Mwambie anayekuongoza jana yake, apatikane mama wa kukupikia wali wa nazi, kisamvu na samaki wa siku hiyo. Ukikumbuka njaa saa saba mchana umechelewa, na sio kosa la kijiji.

Ming'oko, mizizi ya porini, wengi huidharau kuwa chakula cha njaa. Ilichimbwa porini wakati wa njaa, ni kweli, lakini leo iko sokoni Lindi, Mtwara na Masasi, imechemshwa, na watu wazima wenye mishahara yao wanainunua. Menya, tia chumvi na pilipili, tafuna.

Korosho nunua zilizobanguliwa na kukaangwa, uonje kwanza. Iliyokaangwa juzi inalia kinywani, iliyokaa inanyumbuka. Msimu wa mabibo, kuelekea mwisho wa mwaka, utayaona yameanguka chini ya mikorosho. Kula bibo, ni tamu na lina maji mengi, ila linachafua nguo na doa halitoki. Lakini korosho yenyewe ikiwa ndani ya ganda usiing'ate kabisa. Mafuta ya ganda yanaunguza midomo, na nimeshawahi kumpeleka zahanati mgeni aliyeambiwa na rafiki yake kwamba mbichi ndiyo yenye faida.