Filamu za geji ndogo: maana yake, na kwa nini bado zinakusanywa

Geji ya filamu ni upana wa utepe wake kwa milimita, kutoka ukingo hadi ukingo. Tangu miaka ya 1890 hadi projekta za kidijitali zilipoingia, filamu za majumba ya sinema kwa kawaida zilikuwa za milimita 35. Zilizo nyembamba kuliko hizo ndizo za geji ndogo: milimita 16, milimita 9.5, na milimita 8, ambayo nayo ina aina mbili, ile ya zamani na Super 8. Mtu akikwambia anakusanya geji ndogo, elewa kwamba ana makopo ya filamu kabatini, ana projekta, na ana ukuta mweupe au shuka iliyonyooka. Akitaka sinema jioni, anapachika rili, anazima taa za sebuleni na kuwasha balbu ya mashine.

Upana ulipunguzwa kwa sababu mbili: bei na moto. Filamu za mwanzo za milimita 35 zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, plastiki inayoshika moto upesi na ambayo ikishawaka maji hayaizimi, kwa kuwa huzalisha oksijeni yake yenyewe. Kitu cha namna hiyo hakipitishwi mbele ya balbu kali watoto wakiwa wamekaa mkekani. Kampuni zilizotaka soko la majumbani zikatumia asetati, ambayo ikipata moto huyeyuka na kuungua polepole. Kodak ilipotoa filamu ya milimita 16 mwaka 1923, ilikwepa upana wa 17.5, kwani mjanja yeyote angeweza kupasua utepe wa nitrati wa milimita 35 katikati na kuuza nusu zake kama filamu salama.

Wafaransa walikuwa wametangulia kidogo. Mwishoni mwa 1922 Pathé ilileta Pathé-Baby, projekta ndogo ya milimita 9.5. Utepe wake una tundu moja tu katikati, baina ya fremu na fremu (fremu ni picha moja moja ya utepe), badala ya safu ya matundu pembeni. Hivyo picha inatanda karibu upana wote, na ukubwa wake unaikaribia ile ya milimita 16. Kitu kinachonifurahisha zaidi ni ubahili wake. Katika filamu zisizo na sauti, maandishi ya mazungumzo hula mita nyingi, kwa sababu lazima yakae mbele ya mtazamaji hadi ayasome. Pathé waliyaweka kwenye fremu chache tu, kisha wakakata pengo dogo ukingoni mwa utepe. Projekta ikifika penye pengo inaisimamisha fremu ile kwa sekunde kadhaa, watu wanasoma, halafu mambo yanaendelea. Ukiipachika filamu kama hiyo leo kwenye mashine isiyo na mtambo huo, maandishi yanapita kama radi na hadithi haieleweki.

Milimita 8 ilizaliwa mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na ni hesabu ya watu wenye shida. Kodak ilichukua utepe wa milimita 16 na kuongeza matundu yake maradufu. Mpigaji alipiga nusu ya upana kwa futi 25, akajificha kivulini, akaigeuza rili, akapiga nusu ya pili. Maabara baada ya kuisafisha waliupasua utepe katikati na kuunga vipande viwili mwisho kwa mwisho: futi 50, yaani kama mita 15, dakika 4 na ushei za picha kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde. Mwaka 1965 ikaja Super 8. Filamu ilikaa ndani ya kasha la plastiki linalochomekwa tu kwenye kamera, na matundu yalifanywa madogo ili fremu ipate nafasi kubwa zaidi, ongezeko la karibu nusu. Kasha moja la futi 50 linatoa dakika 3 na sekunde 20 kwa fremu 18 kwa sekunde.

Kutofautisha hizi mbili si kazi. Ishike filamu kwenye mwanga. Matundu yakiwa makubwa na yamekaa kwenye mstari unaotenganisha fremu, hiyo ni milimita 8 ya zamani. Yakiwa madogo na kila moja linaelekea katikati ya fremu, ni Super 8. Hata rili zenyewe hutofautiana, kwa maana ya Super 8 ina shimo kubwa zaidi katikati. Usijaribu kulazimisha, meno ya mashine isiyo yake yatachana kila tundu.

Sasa, wanaokusanya wanakusanya nini? Kuna wanaotafuta picha za familia: harusi, safari, mtoto anayejifunza kutembea, zilizopigwa na watu ambao majina yao hayajulikani tena. Na kuna wanaotafuta kopi zilizochapishwa kwa ajili ya kuuzwa. Hawa wa pili ndio wengi kati ya wale wanaojiita wakusanyaji, na kuwaelewa inabidi ukumbuke kwamba kabla ya kanda za video, hapakuwa na njia nyingine ya mtu wa kawaida kumiliki sinema. Uliiona ikipita mjini, ikaondoka. Castle Films ya Marekani iliingia sokoni mwaka 1937 kwa picha za habari za Hindenburg, lile puto kubwa la abiria la Kijerumani, likiteketea. Ikaendelea na vibonzo, vichekesho na vioja vya mazimwi. Blackhawk Films ya Davenport, Iowa, iliuza kwa posta kazi za wachekeshaji akina Chaplin na Laurel na Hardy. Uingereza, Derann ya mji wa Dudley iliendelea kuuza kopi za Super 8 hata wakati video ilikuwa imeshatawala.

Nyingi za kopi hizo zilikuwa za kukatwa. Sinema ya saa moja na nusu ilipunguzwa ikawa futi 200, dakika 8 hadi 10 tu, mara nyingi bila sauti na kwa rangi nyeusi na nyeupe. Wapo wanaozidharau. Mimi naona zina ufundi wake: fundi aliyepewa kazi hiyo alilazimika kuamua hadithi isimame juu ya matukio gani matano au sita, na akaunga mapengo kwa maandishi. Ukitazama kopi kama hiyo hutazami sinema yenyewe iliyopunguzwa ubora. Unatazama toleo jingine, lenye mwanzo na mwisho wake, ambalo pengine halipo popote pengine.

Neno "popote" hapo silitumii ovyo. Metropolis, sinema ya Kijerumani ya Fritz Lang, ilionyeshwa Berlin Januari 1927, ikakatwa muda mfupi baadaye, na sehemu kubwa ikahesabiwa kuwa imepotea kabisa. Kopi ndefu ilikuwa imefika Argentina na kuangukia mikononi mwa mhakiki na mkusanyaji wa filamu. Baadaye ilihamishwa kutoka nitrati hadi milimita 16, na uhamishaji wenyewe haukuwa wa makini: mikwaruzo ya utepe wa asili ilinakiliwa pamoja na picha, na kingo za fremu zikakatika. Mwaka 2008 utepe huo ulitambuliwa katika jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires, ukiwa na takribani dakika 25 ambazo hazikuwepo kwingine. Katika toleo lililorekebishwa la 2010 unaziona wazi: picha ghafla inajaa mistari kama mvua na kuwa ndogo kidogo, pamebaki weusi pembeni. Hakuna aliyelalamika.

Kwetu Afrika Mashariki geji ndogo iliwafikia wengi kwa mlango wa filamu za mafunzo. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, ukiitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitumia milimita 16, na sauti ilitoka kwenye sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, kwa Kiswahili na lugha nyingine. Walizunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda na kuteremka hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya hapo yakaja magari ya sinema, na hayo yakaendelea hata baada ya uhuru: projekta ya milimita 16, jenereta, shuka uwanjani, na kijiji kizima kimekaa chini. Kwa hiyo wazee wengi wa kwetu wameiona geji ndogo bila kumiliki hata futi moja yake. Upande wa pili wapo maofisa na walowezi waliojipigia picha zao wenyewe. Nyingi za filamu za aina hiyo kutoka makoloni ya Uingereza zilikusanywa na jumba la makumbusho la Bristol ambalo baadaye lilifungwa, na sasa ziko katika hifadhi ya nyaraka ya jiji hilo. Zitazame ukijua nani alishika kamera.

Anayeanza leo atanunua kopi zilizokwisha tumika, na kabla ya kutoa hela anapaswa kutumia pua. Fungua kopo, vuta hewa. Harufu ya siki maana yake asetati imeanza kuoza na kutoa asidi ile ile iliyomo katika siki. Asidi hiyo inachochea uozo zaidi, hata kwa filamu za jirani zilizofungiwa pamoja nayo. Utepe unasinyaa, unajikunja, na mwishowe hauwezi kupita kwenye projekta. Hauna dawa. Baridi na ukavu hupunguza kasi tu. Ndiyo maana joto na unyevu wa pwani, Mombasa au Unguja, ni hatari maradufu: juu ya siki unaongezewa ukungu. Makopo yasizibwe kabisa hewa isipite, na filamu yenye harufu itengwe kama mgonjwa wa surua. Filamu za poliesta, plastiki nyingine, haziugui hivyo, ila zina ubaya wake: hazikatiki. Zikikwama, kinachovunjika ni mashine.

Baada ya pua, macho. Rangi za kopi nyingi za miaka ya 1950 hadi 1970 zimechujuka. Rangi ya samawati-kijani hufifia kwanza, na kinachobaki ni uwaridi tupu kuanzia anga hadi majani. Muuzaji akikwambia "rangi imegeuka kidogo", jiandae kwa uwaridi. Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak iliyotoka 1935 kwa milimita 16 na mwaka uliofuata kwa milimita 8, ikihifadhiwa gizani hushinda zote, na ndiyo sababu harusi ya mtu asiyejulikana huwa na rangi nzuri kuliko sinema ya studio kubwa.

Kisha projekta. Ukucha mdogo huingia katika tundu, huvuta fremu moja mbele ya lenzi, huachia, filamu inatulia, pazia la mzunguko linafunguka na mwanga unapita. Hilo linafanyika mara 18 kila sekunde, na pazia la mabawa matatu hukata mwanga mara tatu kwa kila fremu ili jicho lisione mwanga ukipepesa. Kwa kuwa filamu inasimama na kwenda hapo katikati, ilhali rili zinazunguka bila kukoma, lazima uache kitanzi cha utepe uliolegea juu ya lango, yaani pale utepe unapopita mbele ya lenzi, na kingine chini yake. Kitanzi kikipotea, picha inarukaruka na matundu yanaanza kuraruka; zima mara moja. Na safisha lango kila baada ya rili. Fremu ya Super 8 haifiki upana wa milimita 6. Ukiitandaza ukutani kwa upana wa mita 2, imekuzwa zaidi ya mara 300, kwa hiyo kiuzi chenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita kinatokea usoni mwa mwigizaji kama kamba ya sentimita 3.

Kumiliki utepe hakukupi haki za sinema iliyomo. Kutazama na jamaa sebuleni hakuna neno. Kuuza tiketi mlangoni ni jambo jingine. Wakusanyaji wa Marekani walilijua hilo kwa uchungu mwaka 1974, FBI walipoivamia nyumba ya mwigizaji Roddy McDowall na kuchukua kopi zake nyingi, ingawa hakushtakiwa.

Mwisho, umeme, maana hapa ndipo pesa hupotea. Projekta iliyotoka Marekani inataka volti 120, ya kwetu ni 230 au 240. Transfoma inalimaliza hilo. Lakini mota za mashine nyingi za zamani hufuata mzunguko wa umeme, na wa Marekani ni hezi 60 wakati wetu ni 50, kwa hiyo sinema itakwenda polepole na sauti itakuwa nzito, transfoma au hakuna. Tafuta mashine ya Ulaya. Nyingi za Eumig, kampuni ya Austria, zina swichi ya kuchagua volti. Muulize muuzaji pia kama puli yake, kigurudumu cha mkanda wa mota, ni ya hezi 50, na akutumie picha ya kibandiko cha nyuma kabla hujalipa.